Jamala: Uzuri Unaomfikia Mwenzako

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.



Miezi michache iliyopita, baada ya darsa ya akina mama niisomeshayo kila juma baada ya sala ya alasiri, alibaki nyuma binti mmoja akiwa na nyanya yake. Binti huyu ameachwa na mumewe, eda yake imekwisha, na ana mtoto mmoja mdogo. Kwa muda wa miezi kadhaa hakupokea nafaka ya mtoto. Siku moja hasira ilimpanda, akayachukua maneno ya siri yaliyopita baina yake na mumewe wakati wa ndoa yao, akayabandika kwenye WhatsApp. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umeyasoma.

Nyanya yake hakumgombeza. Alimwambia maneno machache tu: "Mjukuu wangu, haki yako idai, lakini jamala usiitupe."

Neno hilo ndilo lililomleta kwangu. "Sheikh," akasema, "kila mtu ananiambia jamala, jamala. Nimelitafuta neno hili kwenye kamusi, nimeona adabu njema, nimeona hisani, nimeona wema. Sasa mimi niliyedhulumiwa ndiye wa kuambiwa nitende wema? Jamala ni nini hasa? Ni kunyamaza?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza papo hapo, nami sikutaka kumpa jibu la kumfunga mdomo. Nilimwomba anipe wiki moja. Makala hii ni jibu nililompa, nami naliandika kwa idhini yake, kwa sababu najua si yeye peke yake aulizaye.

Neno na asili yake

Jamala ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Limetokana na mzizi wa herufi tatu: jim, mim na lam. Katika mzizi huo Waarabu wana jamaal, yaani uzuri. Jamiil, yaani kilicho kizuri. Na mujamala, yaani kutendeana kwa upole na adabu. Nani kati yetu asiyemjua Jamila mmoja au wawili mtaani kwake? Jina hilo nalo limetoka humo humo.

Sisi watu wa pwani tumelipokea neno hili tukaliweka katika tabia zaidi kuliko katika sura. Uzuri wa uso twauita uzuri, au urembo, au haiba. Lakini tukisema fulani ana jamala, hatuzungumzii uso wake. Twazungumzia namna anavyokupokea mlangoni, anavyokujibu ukimwuliza, anavyokupisha njiani, na hata anavyokunyima jambo bila ya kukuvunjia heshima. Na mtu akisema "nifanyie jamala", anaomba hisani. Maana hii ya hisani nayo imo katika Kiarabu, kwani Waarabu husema ya mtu aliyesahau wema aliotendewa kwamba ameikana jamiil.

Mwanalugha mkubwa Ibn Faris, aliyefariki mwaka 395 Hijria, aliugawa mzizi huu sehemu mbili katika kamusi yake, Maqayis al-Lugha. Sehemu ya kwanza ni kukusanyika na ukubwa wa umbo, na humo mna jamal, yaani ngamia, na jumla, neno tulitumialo sokoni kila siku tunapouliza bei ya jumla. Sehemu ya pili ni uzuri. Kisha akanakili kutoka kwa Ibn Qutayba, aliyemtangulia, kwamba asili ya uzuri huu ni jamiil kwa maana ya shahamu iliyoyeyushwa, kana kwamba uso wa mtu mzuri umepakwa mafuta hayo ukang'ara.

Nanyi mama zangu mnaoyayusha samli jikoni mtalielewa jambo hili upesi kuliko wanafunzi wangu. Mafuta yaliyoganda hayapakiki, hukaa bonge mahali pamoja. Yakipata moto huyeyuka, yakaenea na kulainisha kila yanachokigusa. Mfano huu ni wangu, si wa Ibn Faris, lakini nawaomba muushike, kwa sababu mambo ya jamala nayo hujulikana kwenye moto.

Uzuri wa namna mbili

Mwanachuoni mwingine, Ar-Raghib al-Isfahani, aliandika kitabu cha kueleza maneno ya Qur'ani kiitwacho Al-Mufradat. Alipofika kwenye jamaal alisema ni uzuri ulio mwingi, kisha akaugawa namna mbili. Namna ya kwanza ni uzuri unaobaki kwa mwenyewe, katika nafsi yake au mwili wake au kitendo chake. Namna ya pili ni uzuri unaotoka kwake ukamfikia mwengine. Na kwa namna hii ya pili ndivyo alivyoifahamu hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ni Jamiil naye hupenda jamaal. Ar-Raghib anaona humo ishara kwamba kheri nyingi hububujika kutoka Kwake kwenda kwa viumbe, na kwamba humpenda mja aliye na sifa ya namna hiyo.

Hapo ndipo neno letu la Kiswahili lilipo. Mtu aweza kuwa mzuri wa sura, nadhifu wa mavazi, na nyumba yake ikanukia udi kutwa nzima, lakini uzuri huo usimfikie yeyote. Jirani akigonga mlango anajibiwa kwa ukali. Mtumishi anaitwa kwa ishara ya kidole. Mtu huyo ana jamaal ya namna ya kwanza, lakini jamala hana. Na bibi kizee asiye na meno, mwenye leso iliyochujuka, aweza kukukaribisha kwa kikombe cha kahawa ya tangawizi na dua mbili, ukaondoka umehisi umekirimiwa na sultani.

Yapo maneno jirani ya jamala, na ni vizuri kuyatenganisha. Hisani ni wema wenyewe, na mzizi wake ndio mzizi wa ihsani. Fadhila ni ziada, kumpa mtu zaidi ya haki yake. Na neno tafadhali limetoka humo, maana yake asili ni kumwomba mtu afanye fadhila. Adabu ni kuijua mipaka na kutoivuka. Jamala huyagusa yote haya, lakini kwa masikio yangu mimi niliyekua nalo, uzito wake uko katika namna. Mkono mmoja waweza kutoa hisani kwa jamala, na mkono mwengine ukatoa hisani ile ile kwa kuitupa.

Mahali Qur'ani ilipoliweka neno hili

Baada ya kumwahidi yule binti jibu, nilikaa na msahafu nikazipitia aya. Katika Qur'ani Tukufu neno jamaal limekuja mara 1, katika Sura An-Nahl aya ya 6, kueleza uzuri wa mifugo inaporudishwa jioni na inapotolewa asubuhi kwenda malishoni. Neno jamiil limekuja mara 7. Nilipowahesabia wanafunzi wangu mara hizo saba, mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, mbona hamna harusi hata moja?"

Ni kweli. Hamna harusi wala karamu. Mara 3 neno hili limeambatana na subira: mara 2 katika Sura Yusuf, aya ya 18 na ya 83, pale Nabii Yaqub (A.S.) alipoletewa habari ya kupotea kwa mwanawe Yusuf, kisha habari ya kuzuiliwa kwa mwengine, na mara 1 katika Sura Al-Ma'arij aya ya 5, Mtume (S.A.W.) akiamrishwa kusubiri juu ya kukanushwa. Mara 1 limeambatana na kusamehe, katika Sura Al-Hijr aya ya 85. Mara 1 limeambatana na kumwepuka mtu, katika Sura Al-Muzzammil aya ya 10, Mtume (S.A.W.) akiamrishwa kujitenga na wanaomsema vibaya. Na mara 2 limeambatana na kuachana kwa mume na mke, katika Sura Al-Ahzab aya ya 28 na ya 49.

Msiba, maudhi, kujitenga na talaka. Hayo ndiyo mahali ambapo Mola wetu alilitaja neno jamiil. Uzuri wa wakati wa raha hauhitaji kuamrishwa, kwani nani asiyetabasamu siku ya harusi? Kinachoamrishwa ni uzuri wa wakati ambapo kifua kimejaa.

Wanavyuoni walieleza kila kimoja. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, alisema kwamba subira nzuri ni ile isiyo na kuwalalamikia viumbe, msamaha mzuri ni ule usio na lawama, na kuepuka kuzuri ni kule kusiko na udhia. Ama kuachana kuzuri, wafasiri wamekieleza kuwa ni talaka isiyo na madhara wala matusi, mwanamke akapewa na kiliwazo, yaani mut'a. Aya ya 49 ya Sura Al-Ahzab inamzungumzia hasa mwanamke aliyeachwa kabla ya kuingiliwa, naye pia hakusahauliwa. Na katika Sura Al-Baqara aya ya 237, Mola anapokwisha kuwagawia wanandoa wanaoachana hesabu ya mahari, anawakumbusha wasisahau fadhila baina yao. Hesabu ina mahali pake, na fadhila ina mahali pake.

Nyumba ya Abu Bakr

Tukitaka kuiona jamala ikitembea kwa miguu, natuingie katika nyumba ya Sayyidna Abu Bakr (R.A.) katika siku za masingizio aliyozuliwa binti yake, Bibi Aisha (R.A.). Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na wengi wetu twakijua. Nataka tukitazame upande mmoja tu.

Bibi Aisha alirudi Madina kutoka safarini akaugua kwa muda wa kama mwezi mmoja. Mji ulikuwa ukivuma maneno juu yake, naye hajui. Usiku mmoja alitoka pamoja na mama yake Mistah, jamaa yao. Mama huyo akajikwaa kwenye nguo yake, akamwapiza mwanawe Mistah. Bibi Aisha akamkataza: vipi unamtukana mtu aliyepigana Badr? Tazameni, mama zangu. Mistah alikuwa miongoni mwa waliomsema, naye bila ya kujua alikuwa akimtetea. Hapo ndipo mama yule alipomfunulia kinachosemwa, na ugonjwa wake ukazidi.

Mambo yalipofika mwisho, Bibi Aisha aliona kwamba akikana hawatamwamini. Alisema hana mfano ila wa baba yake Yusuf, na akalitaja neno lile lile, subira iliyo jamiil. Mwenyewe alisimulia kwamba kwa uzito wa saa ile jina la Yaqub lilimtoka akilini, ndiyo maana akasema "baba yake Yusuf". Kisha akajilaza kitandani, akimtegemea Mola wake. Zikateremka aya za Sura An-Nur kumtakasa.

Pamoja na hayo, kuna watu wawili wengine wa kutazamwa. Wa kwanza ni Bibi Zaynab binti Jahsh (R.A.), mke mwenza aliyekuwa akishindana na Bibi Aisha katika cheo mbele ya Mtume (S.A.W.). Alipoulizwa juu yake, hakuichukua nafasi ile. Alisema anailinda sikio lake na jicho lake, na kwamba hakujua kwa Aisha ila kheri. Dada yake mwenyewe, Hamna, alikuwa ameingia katika uvumi kwa kumpendelea yeye. Zaynab hakuupokea upendeleo wa namna hiyo.

Wa pili ni Sayyidna Abu Bakr. Mistah alikuwa maskini, na Abu Bakr ndiye aliyekuwa akimtunza. Baada ya binti yake kutakaswa, aliapa kwamba hatampa tena kitu. Nani angemlaumu baba huyo? Lakini ikateremka aya ya 22 ya Sura An-Nur, ikiwataka wenye fadhila wasiape kuwanyima jamaa na maskini, na ikiwauliza kama wao hawapendi kusamehewa na Mwenyezi Mungu. Abu Bakr akasema anapenda kusamehewa, akamrudishia Mistah matumizi yake.

Hakusema kwamba Mistah hakukosa. Adhabu ya waliosingizia ilikuwa imekwisha wekwa katika sura hiyo hiyo, aya ya 4. Sheria ilikuwa na njia yake, na matumizi ya maskini yakaendelea.

Jamala si kunyamazia dhuluma

Hapa nafika kwenye swali la yule binti, nami nalijibu wazi: hapana, jamala si kunyamaza.

Katika Sura An-Nisaa aya ya 148, Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha anamtoa aliyedhulumiwa. Na Sura Al-Mujadila inaanza na habari ya mwanamke aliyemjia Mtume (S.A.W.) kumshitaki mumewe, na Mola akasema ameusikia mjadala wake. Mwanamke huyo ni Khawla binti Tha'laba. Hakuambiwa arudi nyumbani akasubiri. Sura nzima imepewa jina kutokana na mashitaka yake.

Ninasema haya kwa sababu nimeona jamala ikitumiwa kama kitambaa cha kumfunga mwanamke mdomo. Mke anapigwa, anaambiwa "fanya jamala". Mtoto hana nafaka, mama yake anaambiwa "fanya jamala". Anayedhulumu haambiwi kitu. Huko ni kulidhulumu neno baada ya kumdhulumu mtu. Aliye wa kwanza kutakiwa jamala ni yule mwenye nguvu, kwa kuwa aya za kuachana kwa wema zimeelekezwa kwa waume. Na katika Sura Al-Baqara aya ya 233 imekatazwa mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba kadhalika.

Hapa kwetu Kenya mlango upo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa mahakama za Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Kumpeleka mume kwa Kadhi ili amlishe mwanawe si utovu wa jamala. Ni kumzuia asiendelee na dhuluma, na hiyo yenyewe ni nusura kwake.

Basi tofauti iko wapi? Nilimweleza binti hivi. Nafaka ya mtoto ni haki yako na yake. Iseme kwa Kadhi, kwa wazee, kwa walii wako, useme kila neno linalohitajika ili uipate. Lakini siri za chumbani ulizozibandika, zilikuletea shilingi ngapi? Alinyamaza. Mwanao atajifunza kusoma miaka michache ijayo, na maneno yale yatakuwa bado yapo kwa watu. Yeye ni mwana wa huyo uliyemvua nguo mbele ya mtaa. Hapo jamala ilikuwa inamlinda mtoto na wewe kabla ya kumlinda mumeo.

Akalia kidogo, na nyanya yake akamshika mkono. Sikuongeza neno.

Kinachoiharibu jamala

Nisingependa mdhani kwamba nazungumza kama mtu aliyesalimika. Miaka ya nyuma nilimlipia mtoto wa ndugu yangu karo ya shule. Nilifanya kwa nia njema, nataraji. Siku moja, mbele ya watu harusini, alinijibu neno ambalo halikunipendeza, nami nikamwambia: "Wewe ungekuwa wapi leo bila mimi?" Watu walicheka, na yeye akainamisha kichwa.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikumbuka aya mbili ambazo nimezifundisha mara nyingi, ya 263 na ya 264 za Sura Al-Baqara. Ya kwanza inaeleza kwamba neno jema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na udhia. Ya pili inawakataza waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimbulizi. Mimi nilikuwa nimeibatilisha yangu kwa sentensi moja. Asubuhi nilimwendea, nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri, akasema, "Ami, nimekusamehe. Karo ile nilikuwa nikiishukuru kila siku, mpaka jana nilipotamani ningekuwa sikuipokea."

Tangu siku hiyo nimejua kwamba wazee wetu waliposema tenda wema nenda zako, hawakuwa wakitufundisha ukarimu peke yake. Walikuwa wakituonya tusirudi nyuma kuutazama wema wetu, kwa kuwa anayerudi huishia kuudai. Masimbulizi huyagandisha tena mafuta yaliyokwisha yeyuka.

Kitu cha pili kinachoiharibu jamala ni kuifanya pambo la mbele za watu. Hata neno mujamala, katika Kiarabu cha leo, mara nyingi hutumiwa kwa sifa za mdomoni tu ambazo msemaji hazikusudii. Nasi tunao wenzetu ambao mgeni akiingia huwa asali, na akitoka mke na watoto huonjeshwa shubiri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wake wa nyumbani. Kipimo kimewekwa ndani ya mlango, mahali ambapo hakuna wa kupiga makofi.

Inafunzwaje?

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia ambao hadi leo husomwa pwani yote. Baada ya kumwusia kushika dini, alimwusia adabu na ulimi mwema, ili apendwe kila atakapoingia. Mama aliyejua kwamba huenda asipone alichagua kumwachia binti yake hayo pamoja na dua. Nadhani alijua kwamba dhahabu huuzwa na nyumba hubomoka.

Nasi tunayo madarasa madogo ndani ya nyumba zetu. Katika mwezi wa Ramadhani mtoto hutumwa na sahani iliyofunikwa kawa ampelekee jirani. Mtoto huyo hufundishwa kupiga hodi na kungoja, asichungulie ndani, kutoa salamu, kuinyoosha sahani kwa mkono wa kulia, na kusema mama amekusalimu. Na jirani naye hairudishi sahani tupu. Ataweka kaimati mbili tatu, au ndizi, au sukari kidogo kama hana kingine. Mtume (S.A.W.) aliwausia wanawake wa Kiislamu kwamba jirani asikidharau kitu cha kumpa jirani yake, hata kiwe ukwato wa kondoo, na alimwusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Thamani haiko katika kilicho ndani ya sahani.

Lakini mtoto hujifunza zaidi kwa anachokisikia sahani ikishatoka. Tukimfundisha kupeleka chakula kwa jirani, kisha tukaketi kumsema jirani huyo huyo mbele yake, amejifunza masomo mawili, na la pili ndilo litakaloshika. Na watoto wa wazazi walioachana ndio wenye haki zaidi juu yetu katika jambo hili. Baba asitajwe kwa matusi mbele yao, wala mama.

Mkoba wa Idd

Yule binti aliyafuta maneno aliyoyabandika, ingawa anajua kwamba yaliyokwisha somwa hayafutiki. Alikwenda kwa Kadhi, na shauri lake la nafaka bado linaendelea. Sikumshauri aliache, wala nyanya yake hakumshauri hivyo. Bado ana hasira, na siku nyingine huniambia kwamba subira yake haijawa nzuri, ni subira tu. Nami humwambia hata hiyo ina ujira wake.

Sikukuu ya Idd iliyopita alimwosha mwanawe, akamvika kanzu mpya, akampeleka kwa mama yake mume akashinde huko. Alimtilia mkobani nguo za kubadilisha na mahamri aliyoyapika mwenyewe. Hakuingia ndani. Alitoa salamu mlangoni, akaambiwa aleykum salaam, akarudi.

Magharibi mtoto alirudishwa na shangazi yake. Mkobani mlikuwa na nguo zake zimefuliwa na kukunjwa, na kibakuli cha halua. Nyanya alipoiona halua ile, alisema, "Mkoba haukurudi mtupu."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupambe kwa tabia njema, azilinde ndimi zetu tunapokasirika, awape waliodhulumiwa haki zao, na ajaalie kuachana kwetu, pale kunapokuwa hakuna budi, kuwe ni kuachana kwa wema. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.